Mkanda mweusi hata mimi naushona, cheti anasaini nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu wa Tanga, hasa wale ambao watoto wao wameingia kwenye taekwondo. Mimi si mchezaji. Ni fundi cherehani, nipo Ngamiani, na ukiacha sare za shule za Januari na nguo za Idi, sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni hawa watoto wa mateke. Nawashonea suruali, makoti na mikanda. Kwa hiyo mambo ya madarasa haya mengi nayajulia kwenye oda. Wazazi wakianza kupishana mlangoni kuulizia mkanda wa njano, najua mtihani umekaribia. Wakija kutaka suruali iongezwe upindo, najua likizo imekwisha na watoto wamerefuka.

Ninalotaka kusema ni moja tu. Kabla hujatoa hela ya mtihani wa mkanda, uliza cheti kitasainiwa na nani, na huyo mtu ruhusa ya kusaini kaipata wapi. Mkanda wenyewe usikubabaishe. Ni kitambaa cha drili kilichokunjwa kikapigwa mistari ya cherehani, na rangi yoyote unayoitaka ukinipa nusu ya hela leo asubuhi, kesho jioni unaufunga kiunoni.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu msimu umefika. Ukitembea kutoka Ngamiani hadi Makorora utaona karatasi kwenye nguzo za umeme na kwenye kuta za maduka: mtihani wa mikanda mwisho wa mwezi, mafunzo maalumu likizo ya Juni, safari ya mashindano Mombasa, nafasi ni chache, wahi. Namba ya kutumia pesa ipo, tena kwa maandishi makubwa. Jina la mtahini sijaliona hata kwenye moja.

Juzi kijana mmoja aliingia dukani, ana adabu zake, akaniamkia shikamoo, akavuta stuli akakaa. Anataka mkanda mweusi, ncha moja idariziwe jina lake, ncha ya pili namba. Nikamuuliza namba ngapi. Akaangalia mkanda mwingine uliokuwa unaning'inia ukutani unamsubiri mwenyewe, akasema, "Weka kama ile, bi mkubwa. Ile yenye V inapendeza." Ile ilikuwa IV. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni dani ya nne, haiwekwi kwa kupendeza. Akacheka, akasema anafungua darasa upande wa Mikanjuni, na watoto wa darasa la tatu watajuaje tofauti ya moja na nne. Nikamwambia alete cheti nisome namba iliyoandikwa, nami nitaidarizi hiyo hiyo bila nyongeza ya bei. Mpaka leo hajarudi. Labda kaenda kwa fundi mwingine, maana Tanga mafundi tupo wengi.

Kwa faida ya mzazi asiyejua, hiyo IV ina uzito gani? Katika mfumo wa ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, ambao ndio wa darasa la mwanangu, mtoto anaanza na mkanda mweupe, gupu (daraja) ya kumi, anahesabu kurudi nyuma: njano, kijani, buluu, nyekundu, na katikati ya kila rangi kuna hatua inayowekewa ncha ya rangi inayofuata. Akimaliza gupu ya kwanza ndipo anaruhusiwa kuufanyia mtihani mkanda mweusi, na huko anaanza upya kuhesabu, dani ya kwanza hadi ya tisa. Mwenye dani ya kwanza hadi ya tatu ni msaidizi. Mwalimu kamili anaanzia ya nne. Na kutoka ya kwanza kufika ya nne hakuna njia ya mkato: ITF wanataka mwaka mmoja na nusu, kisha miwili, kisha mitatu, kwa wale wenzao wa Seoul ni mmoja, miwili na mitatu. Vyovyote utakavyopiga hesabu, si chini ya miaka sita tangu alipofungwa mkanda mweusi wa kwanza, na hapo hajafeli hata mara moja. Yule kijana wangu sidhani kama alikuwa ametimiza miaka ishirini.

Hapa nimesema "wenzao wa Seoul", na najua kuna mzazi amekunja uso. Taekwondo ina pande mbili kubwa ambazo vyeti vyao haviingiliani. Jina lenyewe lilipitishwa Korea tarehe 11 Aprili 1955, na anayetajwa kulipendekeza ni Jenerali Choi Hong Hi. Huyo ndiye aliyeanzisha ITF, tarehe 22 Machi 1966, hapo hapo Seoul. Baadaye alikosana na wakubwa wa nchi yake, mwaka 1972 akahamia Kanada na shirika lake kwapani. Waliobaki nyumbani walikuwa na yao: mwaka huo huo wa 1972 wakafungua jengo la Kukkiwon, ambako ndiko vyeti vyao vya dani vinakotoka, na mwaka 1973 wakaunda shirika la dunia ambalo leo linaitwa World Taekwondo. Hili la pili ndilo lililoingia Olimpiki, likaanza kugombewa medali rasmi Sydney mwaka 2000.

Mimi hizi pande mbili nazitofautisha kwa mkasi. Koti la ITF linafunguka mbele, na mgongoni lina maandishi yaliyopangwa kwa umbo la mti. Mwenye mkanda mweusi anawekewa utepe mweusi kwenye pindo la koti, na akifika dani ya nne anaongezewa mstari mweusi mikononi na ubavuni mwa suruali. La World Taekwondo halifunguki, unalipitisha kichwani kama kanzu, shingo yake ni ya V, na mwenye dani anawekewa kola nyeusi. Mtoto wa chini ya miaka 15 kwa hao wa pili hapewi dani, anapewa daraja la watoto liitwalo poom, na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Kwa hiyo ukimwona mwalimu kavaa koti la kufunguka mbele lenye kola nyeusi ya V, na mkononi mistari miwili, jua hapo kuna fundi kaambiwa aweke mapambo. Si mimi.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, mtoto wake alifika mkanda wa kijani kwenye darasa ambalo sasa halipo. Mtoto akahamia Dar es Salaam kwa mjomba wake kusoma, wakamtafutia klabu. Mwalimu wa kule akaomba cheti. Kilikuwa kizuri, kina nyota na kingo za dhahabu, kimeandikwa "kimataifa" sehemu mbili. Akauliza, kimataifa ya shirika gani? Hakuna. Aliyesaini ni dani ya ngapi, namba yake ya cheti? Hakuna. Akamjaribu mtoto kwenye mitindo, yaani ile mifululizo ya miondoko ya kukariri, akakuta kajifunza nusu ya huku na nusu ya kule. Akampa mkanda mweupe. Mwalimu hakukosea, angefanyaje? Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili uliyemvua kijani ukamfunga nyeupe mbele ya wenzake hasikilizi maelezo. Hakulia, aliacha tu. Mama yake alinirudishia lile koti nilipunguze apewe mdogo wake wa kuchezea nyumbani.

Sasa nieleze kidogo habari ya vyeti, maana humu ndimo hela inamopotelea. Mikanda ya rangi, kutoka njano hadi nyekundu, hutolewa na klabu au chama cha nchi. Haitoki Seoul, wala Vienna kwenye makao ya ITF. Mzazi akiambiwa alipe pesa nyingi kwa sababu cheti cha mkanda wa njano "kinaagizwa Korea", aombe kuona maelezo hayo yameandikwa wapi. Kinachosajiliwa makao makuu ni dani, na cheti chake kina namba. Cha Kukkiwon namba hiyo unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao, kazi ya dakika mbili kwa simu ya mkononi. Kwa upande wa ITF kuna kazi ya ziada, kwa sababu tangu Jenerali Choi alipofariki mwaka 2002 yako mashirika zaidi ya moja yanayotumia jina hilo hilo la ITF. Kwa hiyo mwalimu akikujibu "sisi ni ITF", swali halijaisha. Muulize ITF ya wapi, nani anaiongoza, na hapa nchini wanamtambua nani. Mwalimu wa kweli haudhiki na maswali haya. Wa mwanangu nilipomuuliza alifurahi mpaka akasahau kudai ada ya mwezi.

Huyu mwalimu simtaji jina, hajanituma. Ila nieleze anavyofanya ili mwenye kufungua darasa aige. Wanafanyia kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwa sababu jioni za katikati ya wiki watoto wako madrasa na hataki kugombana na masharifu. Ana kaunta buku moja nene, kila mtoto ana ukurasa wake: jina, tarehe aliyoanza, tarehe ya kila mtihani, alichopata, alichokosea. Cheti chake cha dani kipo kwenye fremu ukutani, pembeni ya ratiba. Ratiba ya mtihani hubandikwa mwezi mzima kabla, ikiwa na ada, jina na dani ya mtahini, na yatakayoulizwa.

Na kweli yanaulizwa. Mwanangu ni msichana wa darasa la sita, na sasa hivi nyumba nzima tunafanya mtihani pamoja naye. Magharibi ikikaribia, uani utamsikia anahesabu hana, duli, seti, neti, mguu unapita juu ya beseni la vyombo. Mtindo wa kwanza unaitwa Chon-Ji, una miondoko 19, na lazima aumalizie pale pale alipoanzia. Akimalizia hatua moja mbele, amekosea mahali, na anarudi mwanzo. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo alama yake. Mitindo yote iko 24, Jenerali alisema ni kwa saa 24 za siku. Halafu anaulizwa kwa mdomo: maana ya kila rangi, na yale mambo matano ambayo mwanafunzi anaapa kuyashika, yaani adabu, uadilifu, uvumilivu, kujizuia na moyo usioshindwa. Hilo la kujizuia kaka yake anamkumbusha kila siku wakigombea rimoti. Mikanda ya juu wanaongezewa kuvunja ubao, na hapo mwalimu anatafuta paini laini iliyokauka vizuri, ile ya Lushoto, siyo kipande chochote kilichookotwa kwa seremala, maana ubao mbichi unavunja mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani fundi tu ndiye anayeweza kuliona. Madarasa mengine yananiletea oda ya mikanda wiki mbili kabla ya mtihani, idadi sawasawa na watoto wote waliopo. Watoto thelathini, mikanda thelathini ya njano, na hela wameshachanga. Mimi biashara naipenda, siikatai. Lakini nikishona ile ya thelathini najiuliza huo mtihani wanakwenda kufanya wa nini. Mwalimu wa mwanangu anakuja baada. Anakuja Jumatatu na kikaratasi, na mara zote kikaratasi kina majina machache kuliko watoto waliopanda jukwaani. Mara ya mwisho mzazi mmoja alimfuata kumlalamikia kwa nini wa kwake kaachwa. Alifungua kaunta buku, akamsomea. Yule mzazi akaondoka kimya, na mtoto akarudia baada ya miezi mitatu.

Wapo watakaosema namwonea mwalimu wa mtaani, mtu anayefundisha kwa kujitolea, ada haifiki, pedi za mateke kanunua kwa mfuko wake. Ni kweli, na nawaheshimu. Wazazi tunapenda picha ya mtoto kavaa nyeupe kuliko kulipa ada ya mwezi, hilo sibishi, na mimi mwenyewe kwenye daftari langu nina mikanda iliyokwenda na haijarudi na hela, wahusika wanajijua. Ila kuandika jina lako na dani yako kwenye tangazo ni bure. Kubandika cheti ukutani ni bure. Asiyeweza hata haya mawili, sababu yake siyo umaskini.

Tena upande wa sheria haihitaji kutunga kitu kipya. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu za michezo zinatakiwa kusajiliwa. Ombi langu kwa ofisi za michezo za jiji na mkoa ni dogo: orodha ya klabu za taekwondo na karate zilizosajiliwa, pamoja na majina ya walimu na mashirika wanayoyafuata, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na ipelekwe kwa maofisa watendaji wa kata. Mzazi wa Duga au Mabawa atembee mpaka ofisi ya kata, asome, arudi nyumbani. Na darasa linaloomba ukumbi wa shule ya serikali lionyeshe kwanza hati ya usajili kwa mwalimu mkuu.

Kuhusu hiyo safari ya Mombasa, mengi sina. Kupita Horohoro na mtoto kunataka pasipoti au hati ya dharura ya safari, na hivyo vyote vinaanza na cheti cha kuzaliwa. Mashindano nayo yanapanga watoto kwa umri na kilo, kwa hiyo asiye na cheti cha kuzaliwa atakwama hata akifika. Anayewachangisha watoto nauli leo bila kuuliza cheti cha kuzaliwa, ama ni mgeni wa safari hizi ama hana mpango wa kusafiri. Muulizeni pia mashindano ni ya upande gani, kwa sababu kanuni ni tofauti. Watoto wa ITF wanavaa glavu na viatu vya sponji, na ngumi ya kichwani inaruhusiwa ikiwa imedhibitiwa. Wale wa World Taekwondo wanavaa kinga ya kifua na kofia, alama nyingi zinatoka miguuni, na ngumi ya kichwani ni kosa. Kumpeleka mtoto aliyezoea kanuni moja kwenye ulingo wa kanuni nyingine ni kumpeleka akapigwe au akatolewe.

Nisieleweke kuwa nawakatisha tamaa wazazi wa wasichana, ambao ndio wengi wanaokuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama mchezo huu unafaa. Unafaa. Mwaka 2016 kule Rio, binti wa Iran wa miaka 18, Kimia Alizadeh, alichukua medali ya shaba akiwa na ushungi wake chini ya kofia, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata medali ya Olimpiki. Na katika michezo hiyo hiyo Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa, akiwa nyuma kwa alama, alimpiga Mwingereza teke la kichwa sekunde ya mwisho kabisa akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia. Vijana wa Iran na wa Afrika hawa, na mkanda wa kila mmoja ulikuwa na karatasi nyuma yake. Ushungi wa mchezo nashona, wa kitambaa cha jezi kinachovutika, hauna pini wala fundo, na unakaa vizuri chini ya kofia. Waje tupime.

Darasa la mwanangu linafanya mtihani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 2 asubuhi, na wazazi wanaruhusiwa kukaa mpaka mwisho. Wa madarasa mengine ulizeni kama mnaruhusiwa kuingia. Mkiambiwa msubiri nje, subirini nje na hela yenu.

Kwa upande wangu, kuanzia sasa oda ya mkanda mweusi naipokea pamoja na nakala ya cheti cha dani, na namba nitakayodarizi ni ile iliyomo kwenye cheti. Mikanda ya rangi naendelea kama kawaida, nusu ya hela mkononi. Na wale wenye madeni ya mtihani uliopita walete kabla ya huu unaokuja, nimeishiwa drili ya njano.

Bi Fundi,
Ngamiani, Tanga